Msimamizi Asiyeuliza

Kompyuta ya dukani kwa mjomba, pale Nyamiaga, inatumia Linux ya aina ambayo programu huja mbichi. Unapakua maandishi ya programu kama yalivyoandikwa, halafu kompyuta yenyewe inayapika mpaka yawe kitu kinachofanya kazi. Mimi niliishia darasa la saba, na haya nimejifunza taratibu, kwa kusoma na kurudia. Mjomba alikubali niiweke kwa sharti moja: siku ya gulio printa ichape. Ikishindwa, anafuta kila kitu na kurudisha mfumo wa zamani. Kompyuta nyingine ya kujifunzia sikuwa nayo.

Linux hiyo haikulazimishi msimamizi wa programu, yaani yule anayeziweka, anayeziondoa na kukumbuka faili zake ziko wapi. Unajichagulia. Nilichagua mdogo kuliko wote, nikampenda kwa sababu haulizi. Ukimwambia weka, anaweka. Ukimwambia toa, anatoa na kunyamaza. Mimi naona haya hata mteja akiniuliza bei, kwa hiyo tulielewana.

Binamu yangu wa Nemba alipokuja kututembelea, laptopu yake ilikuwa na Linux ileile, lakini msimamizi mwingine. Wa kwake alikuwa msemaji: anaeleza atakachofanya, anauliza kama umekubali, ndipo anaanza. Nikatamani kujua yupi bora. Tukawapa wote kazi moja, programu ndogo ya kutazama picha. Nilidhani wangu atatangulia kwa kuwa hapotezi muda kuongea, lakini walimaliza karibu pamoja. Kumbe anayepika ni kompyuta. Msimamizi anasoma maelekezo tu. Tofauti ilikuwa kabla ya kupika. Wa binamu alijitafutia vifaa vyote vilivyohitajika, yaani vile vijiprogramu ambavyo programu nyingine huvitegemea; wangu nilimletea kimoja kimoja.

"Wako ni bubu," binamu akasema. "Mmefanana."

Kwenye diski nafasi ilikuwa imebaki kidogo, basi nikamwambia wangu aondoe kifaa kimoja cha picha. Nilikumbuka nilikileta kwa ajili ya programu ya kuchora ambayo nilishaifuta. Akakitoa bila neno.

Asubuhi ya gulio akaja mama mmoja kutoka Keza, anataka kadi za harusi ya mwanawe. Nikabonyeza, printa ikakaa kimya. Nikabonyeza tena. Mjomba akasogea, akasimama nyuma yangu.

Nikamtajia binamu kile kifaa nilichokiondoa, naye akaandika amri ileile ya kuondoa kwenye laptopu yake. Msimamizi wake akakataa, akaeleza kwamba programu ya kuchapa bado inakitumia kifaa hicho. Mjomba akaniuliza nilimwuliza nani kabla ya kukitoa. Nikajibu kwamba sikuulizwa.

Yule mama akataka kujua kimetokea nini, binamu akamweleza. Akacheka.

"Mwanangu, umekata mgomba wa mpakani bila kumwita jirani?"

Kwao na kwetu hilo halifanyiki. Hata kama mgomba uliupanda wewe, ukiwa mpakani unamwita jirani kwanza, maana mizizi imeshavuka na huenda naye ana lake pale. Mjomba naye akacheka, kwa shida. Akamwomba mama azunguke gulioni kwanza, kisha akanigeukia.

"Akirudi kadi hazipo, nafuta."

Maandishi mabichi ya kile kifaa yalikuwa bado kwenye diski. Nikayapika upya. Mistari ilipita kwenye kioo, nami nikaisoma yote, kwa kuwa sasa nilitaka kuona nani anamtegemea nani. Mama aliporudi na kapu lake, kadi ya kwanza ilikuwa inatoka.

Mjomba aliishika, akaigeuza, akampa.

"Hapa dukani akae msimamizi anayeita jirani," akamwambia binamu. "Mwekee."

Nikamwuliza kama naweza kubaki na wangu kwenye flashi.

"Baki naye. Ila asiguse printa yangu."

Maandishi ya yule bubu mwenyewe ni mafupi, mtu anaweza kuyasoma yote. Sasa, wateja wakipungua, najaribu kumwongezea swali moja tu kabla hajaondoa kitu: nani mwingine anakitumia?