Kaburi la Mpagazi Uwanjani

Baraza la mji wa Tabora lilipotengeneza uwanja wa mpira penye kambi ya zamani ya misafara, mimi mzururaji nilipata kibarua cha kusawazisha ardhi. Tulizoa marundo ya mawe, tukayamwaga barabarani kuziba mashimo. Kisha akaja mama mmoja kutoka Ipuli, amebeba unga wa mtama wa kutambikia.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Rundo la baba yangu liko wapi? Alifia hapa akibeba pembe za ndovu, akazikwa hapahapa. Kila mpagazi aliyepita alimwekea jiwe."

Msimamizi wetu akavua kofia. "Tumekwisha kusawazisha, mama. Hatujui lilikuwa wapi."

Mama hakulia. Alianzia goli moja, akanyunyiza unga polepole hadi la pili, akimwita baba yake. Hakuna aliyegusa jembe mpaka alipomaliza.