Magoti ya Mama

Kosa langu lilikuwa kukataa kupiga magoti. Shuka la mgeni liliungua kwa pasi, na si mimi niliyeliunguza, lakini msimamizi wa dobi pale hotelini Uarabuni alitaka nipige magoti mbele ya wenzangu nimwombe radhi. Nikamwambia kwetu Dutwa tunawapigia magoti wazazi. Kesho yake sikuwa na kazi, na viza ilitegemea kazi, kwa hiyo nchi nayo ikanitoa.

Shangazi akanipigia simu: nipitilize hadi Bariadi, nisubiri giza ndipo nirudi nyumbani, watu wasinione nimekuja mikono mitupu. Nani, mimi? Nilishuka Dutwa saa nane mchana, siku ya mnada, begi kichwani, nikakatiza katikati ya ng'ombe na wauza mitumba hadi kwenye meza ya dagaa ya mama.

"Wamekufukuza?" akauliza mbele ya wateja.

"Wamenifukuza."

Jirani yake akadakia, "Na mama yako umemletea nini?"

Nikatua begi, nikapiga magoti vumbini, nikamwamkia mama kwa Kisukuma: "Mwadila, mayu." Kisha nikamgeukia jirani.

"Nimemletea haya magoti. Kuna mtu aliyataka, nikamnyima."