Chaki kwenye Njia ya Getanuwas

Nikiwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mbulu, niliandika nyuma ya daftari njia tatu nilizotaka kuzimaliza kwa miguu kabla magoti hayajanigomea. Mbulu hadi Katesh, tiki. Kuuzunguka Mlima Hanang, tiki. Ya tatu, Gehandu hadi Getanuwas kwa kukata mbuga, ndiyo iliyoninyima raha.

"Huna ng'ombe aliyepotea, huna msiba," mke wangu alisema. "Unafuata nini huko?"

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na kila mara tulisikia shamba fulani limepata mwekezaji. Kwangu hizo zilikuwa habari za redio tu.

Nilitoka Gehandu alfajiri. Vijia vya ng'ombe mbugani vinafanana, hivyo kila njia panda nilichora jiwe kwa chaki, nisipotee wakati wa kurudi. Niliyoyaona njiani niliyaandika kwenye daftari lilelile. Nilijiona mjanja. Kufikia saa nne niligundua nafuatwa na mzee mfugaji mwenye shuka na fimbo. Nikisimama, anasimama. Nikienda, anainama kidogo, kisha anakuja. Mimi kwa kushuku sijambo. Hata mke wangu akiniongezea nyama najiuliza anataka nini. Nikaamini huyu ni mwizi anayengoja nichoke. Nikaficha saa yangu kwenye soksi.

Mwishowe hasira ilishinda woga. Nikageuka kumfuata, nikamkuta kwenye jiwe langu la mwisho, analifuta kwa ncha ya shuka.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Kwetu, afadhali mzee akuchape fimbo kuliko kuinyamazia shikamoo yako.

"Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Natembea tu."

Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mtu mzima hatembei tu. Hata ng'ombe anafuata maji. Wewe unapima."

"Sipimi, mzee."

"Wale wenye shamba la kule juu nao waliweka mawe meupe. Wakasema ni alama tu. Sasa ng'ombe wangu wakipita pale wanakamatwa. Hicho kitabu kinasema nini? Soma."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nikajisemea, na nikamsomea kwa kiburi cha mtu asiye na hatia: saa niliyoondoka, korongo nililovuka, migunga niliyopumzikia. Nilipofika mstari wa mwisho sauti ikanipungua.

"Kisima kizuri. Hakina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi," alisema. "Nilikichimba na baba yangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Niliuchana ukurasa, nikampa. Hakujua kusoma, lakini aliukunja vizuri, akaufunga kwenye pindo la shuka. Kisha akaelekeza fimbo Gehandu. Getanuwas ilikuwa imebaki mwendo wa saa mbili, na roho iliniuma sana, lakini niligeuka.

Alinisindikiza njia nzima. Mawe niliyoyachora kabla hajaniona yalikuwa bado na chaki, nami nikayafuta moja moja kwa shati langu, yeye akikagua. Jiwe la mwisho lilikuwa karibu na nyumba za Gehandu. Nililisugua mara mbili, nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

Alilitazama jiwe kwanza.

"Marahaba," akaitikia, akabaki amesimama palepale mpaka nilipopotea machoni pake.