Boga Lililovuta Hewa ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa fundi pancha tangu siku zile meno yake yote yako kinywani. Watu walimwita Upepo. Lori likipita barabara kuu limeinama upande mmoja kama mtu aliyevaa kiatu kimoja, dereva anaambiwa, "Mtafute Upepo, nyuma ya kituo cha mafuta." Naye anatoka na jeki yake, anafungua nati, anazamisha tyubu kwenye karai la maji, povu linapotokea anabana kidole, basi, ugonjwa umejulikana. Macho yangu haya yamemwona akiziba tairi la trekta kwa mate na kipande cha kandambili. Asiyeamini shauri yake. Trekta lile lilikwenda zake na mpaka leo halijarudi kulalamika.

Lakini kazi ile nayo ilikuwa ikimla polepole. Vumbi la mpira, moshi wa kuchomea viraka, gundi inayopanda puani mchana kutwa. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Kwanza filimbi ya kupanda ngazi, baadaye filimbi ya kukaa tu kitako. Mwisho akawa hawezi kukaza nati ya pili bila kupumzika kwa sababu ya ile ya kwanza. Akafunga kibanda, akarudi nyumbani kwa mkewe. Watoto wao wamesambaa kila mmoja na mji wake, wanapiga simu, wanauliza, "Baba anaendeleaje?" Anaendelea, wanajibiwa. Na kweli alikuwa anaendelea, ila kwa kuteremka.

Nyuma ya nyumba yao kuna kiwanja kidogo kilichokuwa maegesho ya malori tangu enzi na enzi. Ardhi imekanyagwa mpaka ukiipiga jembe, linalolia ni jembe. Hapo hapo mzee wetu akaamua kulima maboga na matikiti.

"Baba," mdogo wangu akamwambia, "hata nyasi zimepakataa hapo."

"Nyasi hazina subira," akajibu.

Akapanda. Matikiti ya kwanza yakatoka saizi ya ngumi ya mtoto, na maboga yakajikunyata kama yameonewa. Jirani yao, mshonaji nguo, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akachungulia juu ya uzio wa mabati.

"Upepo! Hizo gololi unauza kwa mafungu?"

Shemeji alichuchumaa, akalaza sikio chini kama anayesikiliza tairi linalotoa hewa kwa siri. Aliponyanyuka alikuwa na udongo kwenye ndevu.

"Shemeji," akaniambia, "ardhi hii haina pumzi. Mizizi inavuta hewa kama mimi na wewe, na hii imebanwa kifua."

"Sasa utaipeleka zahanati?"

"Nitaipiga upepo."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini mtu akishazoea kazi moja maisha yake yote, kila shida anaiona ina mlango wa kazi ile. Alichukua tyubu zake kuukuu, akazitoboa vitundu kwa sindano aliyoazima kwa mshonaji huyo huyo, akazifukia chini ya matuta huku vali zikichomoza juu kama pua. Kisha akaikokota mashine ya upepo kutoka kibandani, akaunganisha mpira, akawasha.

Hapo mkono wake ukamponza. Mkono ulikuwa umezoea malori. Akaijaza ardhi kwa kipimo cha tairi la lori, akasimama kando kusubiri ikaze! Tuta likatuna, nawaapia, likatuna kama tumbo la mwezi wa tisa, halafu likapasuka kwa kishindo. Kuku wa mtaa mzima wakahama. Msimu ule mche wa tikiti ukaota kwenye mfereji wa bati la mshonaji, naye akawa anapanda ngazi kila asubuhi kuumwagilia, akituambia kuwa umemfuata mwenyewe kwa kumpenda.

Shemeji akajifunza. Akaanza kupiga upepo kidogo kidogo, kama unavyompuliza mtoto jichoni. Na ili ajue unakokwenda, akamwaga maji ya sabuni bustani nzima, akangoja povu. Povu likaibuka, ndiyo, lakini lote upande wa pili wa uzio, katikati ya mboga za mshonaji.

"Unaniibia upepo wangu!" Shemeji akafoka, au tuseme alijaribu kufoka, maana katikati ya neno pumzi ilikata.

"Nimeuita mimi? Uje uukamate, una mkia?"

Akaziba upande ule kwa udongo wa kufinyangia. Baada ya hapo, jamani, mambo yakawa mambo. Majani yakawa mapana hata mvua ikitukuta bustanini tunajificha chini yake, watu wazima watatu na beseni la nguo. Matikiti yakaanza kujibiringisha yenyewe kutafuta nafasi. Mshonaji akaacha gololi, akaanza kuulizia mbegu.

Siku moja tumekaa kizingitini nikamuuliza, "Shemeji, na kifua hicho, unahangaika na nini?"

Akavuta hewa kwanza, kama mtu anayechota maji kisimani kwa kamba fupi.

"Maisha yangu yote nimejaza vitu vya watu," akasema. "Tairi nimelijaza leo, kesho limeshuka. Hewa yangu yote iko barabarani huko, sijui wapi. Nataka kitu kimoja nikijaze, kibaki kimejaa. Boga likishiba halishuki."

Nikajifanya nachambua mchele.

Halafu mvua ikaja. Si mvua ya kusifiwa, mvua ya kukomoa. Ilinyesha mpaka vyura wakawa wanapanda vibarazani kujianika. Kiwanja kikawa bwawa. Majani yakageuka manjano, yakalegea kama nguo zilizoanikwa zikasahaulika, maana maji yalikuwa yameingia kila kitundu cha hewa na mizizi ilikuwa inazama huko chini kimya kimya. Matikiti yakaoza yote. Mashine ya upepo ikanywa maji, ikakohoa moshi mweusi mara moja, ikafa. Likabaki boga moja tu, lile lililokuwa chini ya dirisha la chumba chake.

Na unyevu ule ukamwingia mwenyewe. Akashindwa hata kufika mlangoni. Zahanati wakamletea mtungi wa oksijeni, mrefu kama mlinzi, ukasimamishwa pembeni ya kitanda, na barakoa ya kumvika puani na mdomoni. Muuguzi akamwambia mdogo wangu, "Mama, mtungi huu ni wa wiki nzima. Jumatatu tunakuletea mwingine. Kabla ya hapo hatuna, wagonjwa ni wengi. Asivue, na jiko lisisogee karibu."

Wiki ya kwanza mtungi ukaisha Ijumaa. Mdogo wangu akadhani umeletwa haujajaa. Wiki iliyofuata ukaisha Alhamisi. Siku zilizobaki mumewe alikaa ameinama mbele, mikono magotini, midomo imeiva rangi ya zambarau, akitafuta hewa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Mdogo wangu alikimbia kwenda zahanati na kurudi mikono mitupu. Wa tatu ulipokuwa umeshafika nusu Jumatano asubuhi, akaja kwangu bila viatu.

"Dada, mtungi unavuja. Dada, mume wangu ananifia mkononi, na mimi sijui unavujia wapi!"

"Wewe ni mke wa nani?" nikamwambia. "Lete sabuni."

Tukaingia na bakuli la povu na kitambaa. Shemeji amelala, barakoa usoni, macho ameyafumba kwa kukaza mno, kama mtoto anayejidai kalala. Mdogo wangu akapaka povu shingoni mwa mtungi. Kimya. Akapaka kwenye kiungo cha mpira. Kimya. Akashuka na mpira taratibu, sentimita kwa sentimita, mpaka chini ya mto. Hapo kitambaa kikakwama. Akainua mto.

Kulikuwa na njia panda. Ule mpira ulikuwa umekatwa, ukaungwa vali ya baiskeli, ukazibwa kiraka safi, kazi ya fundi hasa. Mpira mmoja ulikwenda kwenye barakoa, umekunjwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Wa pili, mwembamba, ulipita ukutani, ukatokea kwenye tundu la fremu ya dirisha.

Mdogo wangu akazunguka nje, nami nyuma yake, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Chini ya dirisha, kwenye kidimbwi kilichozunguka shina la boga, mapovu madogo madogo yalikuwa yanapanda polepole, kama uji unaotaka kuchemka. Na boga lenyewe! Ningelizungushia mikono nisikutanishe vidole. Majani yake ndiyo pekee ya kijani katika kiwanja kizima.

Akarudi ndani, akang'oa kile kibanio, akakitupa ukutani.

"Baba. Umenivalia barakoa tupu? Mimi nakaa hapa nakupepea, nakushika mkono, kumbe huvuti kitu?"

"Navuta kidogo," akasema. "Tunagawana."

"Mnagawana na boga!"

"Lilikuwa linazama, Mama watoto. Ungeliona. Lilikuwa linafanya kama mimi."

"Na mimi je?" Sauti ikampasuka. "Ukishaliacha hilo limenenepa nitalala nalo kitandani? Nitaliuliza umekula nini leo?"

Akashika panga lililokuwa nyuma ya mlango. Nikajua anakwenda kulikata. Shemeji naye akajua, akainuka kwenye kiwiko, na kwa kunyanyuka kule tu uso ukawa wa majivu. Akaivua barakoa, akaiweka kifuani.

"Likate," akasema. "Kisha uchukue na hii. Sina kazi nayo."

Mdogo wangu akasimama mlangoni na panga. Nimemjua tangu natumwa nimbebe mgongoni, sijapata kumwona amesimama hivyo, mwili mbele, miguu imegoma. Mwishowe akaliegemeza panga ukutani.

"Nikiipiga mimi hewa kwa mkono," akasema, "utavaa?"

"Kwa mkono gani?"

"Wa pampu ya baiskeli."

Akafikiri. Mtu anakufa na bado anapatana bei kama yuko sokoni! "Dirisha liwe wazi," akasema. "Nikuone. Ukiacha, navua."

"Mkorofi mkubwa wewe."

"Ndiyo."

Basi mdogo wangu akakaa kwenye kigoda bustanini, pampu katikati ya miguu, mpira umeingia ardhini, akaanza kupiga. Fyuu, fyuu. Ndani, barakoa ikaingia ukungu na kutoka ukungu. Akichoka, ukungu unakoma, anapiga tena. Asubuhi anapiga, alasiri anapiga, chakula anakula kwa mkono mmoja. Mimi nilimpokea nikapiga mpaka bega likatoka mahali pake likaenda kutembea, likarudi jioni. Hata mshonaji akaruka uzio akatupokea, akisema anafanya hivyo ili tu sindano yake irudishwe, na akapiga huku machozi yanamchuruzika, akasingizia jua. Mtungi uliofuata ukadumu mpaka Jumapili. Ukadumu mpaka Jumatatu.

Lakini kifua kilichokwisha hakijazwi kwa mtungi. Muuguzi alimpima, akamvuta mdogo wangu pembeni ya mlango, wakaongea kwa sauti ya chini, na mdogo wangu akarudi kwenye kigoda chake akashika pampu kabla hata hajakaa vizuri.

Mvua zilikuwa zimekatika, kiwanja kimekauka. Boga likawa la rangi ya shaba, zito, limezama ardhini kwa uzito wake. Siku moja mshonaji akainama, akaligonga kwa kidole, likalia kama mlango wa mbao nzuri. Akashika kikonyo.

"Jirani," akanong'ona, "hili limeshaiva siku nyingi. Tazama kikonyo, kimekuwa kuni. Hata ukilipiga kimbunga halinywi tena kitu."

Mdogo wangu akamkazia macho, kisha akaelekeza kidevu dirishani. Hakuacha kupiga. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa matambara.

Sauti ikatoka ndani, nyembamba, chini ya barakoa.

"Mama watoto. Bado linakua?"

"Bado, Baba. La jana si la leo."

"Kikonyo kikoje?"

Pampu ikasita. Mimi nikatazama chini. Mshonaji akageuka kutazama uzio wake.

"Kibichi," mdogo wangu akasema.

Shemeji alikuwa ameyalea maboga yale tangu mbegu, na kitanda chake kiko dirishani. Nikamwona anauinua mkono, unapanda polepole kuelekea usoni, na mdogo wangu naye amemwona, ameshikilia mpini wa pampu juu bila kuushusha. Mkono ukafika kwenye barakoa. Ukaibana vizuri puani.

"Basi piga," akasema. "Piga taratibu, usije ukachoka."