Ng'ombe Kwenye Ukurasa wa Pembe

Mratibu wa ensaiklopidia ya bure ya hisabati hubonyeza kompyuta kwa kidole kimoja, kama anayemtekenya mtoto, na humwita kila mhariri wa kujitolea "mwanangu", hata wenye mvi. Akiondoka mmoja, chai haimshuki. Jana mhariri mpya, mpishi wa shule, alibandika picha ya ng'ombe kwenye ukurasa wa pembe. Wenzake walimcheka hadi akaaga: "Mama, hisabati mimi basi."

"Ala! Na ng'ombe wako nani atamlisha? Rudi, mwanangu, umpime!"

Mpishi akachora mistari miwili kufuata zile pembe, akapima katikati. Nyuzi mia na ishirini.

"Pembe butu hiyo!" mratibu akapiga kofi mezani. "Picha inabaki."

Leo wale waliocheka wanahangaika kutafuta mbuzi wa pembe kali.