Toledo na Kitunga cha Jirani

Kwetu Itaba, nchini Burundi, mtu akikuletea chakula ndani ya kitunga, kitunga hakirudi kitupu. Utatia hata kiganja cha maharage, hata chumvi. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenzako kwamba ujirani umekwisha, na huna haja ya kuongeza neno. Mimi nilizaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, lakini mama alinifundisha sheria hiyo kabla sijajua kusuka, na kusuka vitunga ndiyo kazi yangu mpaka leo.

Amani ilipokuja tukarudi kupitia mpaka wa Kobero, mimi na mama, tukakuta shamba la marehemu baba lina wenyewe. Mwanamke mmoja mjane alikuwa akililima tangu aolewe. Wakubwa wa zamani walimpa mumewe baada ya watu wetu kukimbia. Kesi ikaenda, ikarudi, mwisho shamba likakatwa katikati na minyaa ikapandwa mpakani. Siku tulipomaliza kuezeka, mjane yule alivuka na kitunga cha viazi vitamu, akakiweka mlangoni petu, akasema "Amahoro", yaani amani, na kuondoka.

Mama alivipika vile viazi, tukala, maana njaa haingoji hukumu. Kisha akakiosha kitunga na kukitundika ukutani. Kukirudisha kitupu hakuweza, ingekuwa ni kutangaza vita. Kukijaza pia hakuweza, kwa sababu kila asubuhi alimwona mwenzake akilima pale alipofikia yeye akiwa bibi harusi. Kikakaa ukutani miaka na miaka, tukawa tunakiona kila tunapokula.

Alipokuwa mgonjwa sana aliniambia, "Mwanangu, kile nakuachia wewe. Kitupu usikipeleke. Na ukikijaza, ujaze kwa moyo wako, siyo kwa kuogopa midomo ya watu." Siku ya mazishi mjane yule alisimama upande wake wa minyaa mpaka tulipomaliza kufukia kaburi. Nilimwona, na sikumkaribisha. Hasira yangu ilikuwa ya kurithi, na hasira ya kurithi ni ngumu kwa kuwa hujui uipunguzie wapi. Nikabaki peke yangu na kile kitunga.

Ndipo ikaja safari. Mtawa mmoja Mhispania wa parokia yetu pale Gitega alitafuta mwanamke wa chama chetu cha wasusi aende kuonyesha kazi kwenye maonyesho huko kwao, Toledo. Nikachaguliwa kwa sababu sina mume wa kuombwa ruhusa wala mtoto wa kuachiwa mtu. Walilisema hilo kama sifa, wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini liliniingia.

Toledo ni mji juu ya kilima, na mto umeuzunguka karibu pande zote. Vichochoro vyake ni vyembamba, ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Siku ya kwanza nilisalimia kila mtu niliyepishana naye, kama kwetu. Wengine waliitikia kwa kichwa, wengine walishika mikoba yao vizuri zaidi. Siku ya pili nikaacha. Sijawahi kupita katikati ya watu wengi hivyo bila kuitwa hata dada.

Mtawa alinipeleka kwenye nyumba moja ya zamani ya ibada. Ndani ni nyeupe kabisa, nguzo baada ya nguzo, na juu ya nguzo matao yaliyojipinda kama kwato za farasi. Akanieleza kwamba Wayahudi ndio waliosali pale, na mafundi walioijenga walijenga kwa ufundi wa Waislamu, halafu baadaye Wakristo wakaifanya kanisa. Sasa hakuna anayesali. Unalipa mlangoni, unatazama, unatoka. Alisema watu wa dini tatu waliishi pamoja katika mji huu, na alisema kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha picha ya harusi.

"Wenyewe wako wapi?" nikamuuliza.

"Wayahudi walifukuzwa. Na Waislamu pia, baadaye."

"Hawakurudi?"

"Ni zamani mno, dada yangu."

Nilisimama kati ya zile nguzo nikasikia baridi. Kuna watu walioamka asubuhi wakaingia katika nyumba za wale waliofukuzwa, wakawasha moto jikoni mwao. Hakuna aliyerudi kuwadai, wala hakuna aliyevuka kichochoro na viazi. Sakafu ilikuwa safi kupita kiasi. Nililia, na mtawa alidhani nimeguswa na uzuri wa matao.

Nilikuwa nimefikia kwa shangazi yake, bibi wa makamo aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya ghorofa. Nilimpelekea kahawa yetu ndani ya kitunga changu kizuri kuliko vyote. Hatukuwa na lugha. Jioni tulikaa tukitazama televisheni, yeye akinisukumia vipande vya vile vitamu vyao vya lozi, mimi nikisema asante ya Kihispania, ambalo ndilo neno pekee nililoweza. Asubuhi ya kuondoka akanipa mkononi kitunga changu. Kimepanguswa, kinang'aa, kitupu.

Nilijua huenda hajui. Hata hivyo kiliniuma safari nzima ya ndege. Nilikipakata magotini nikijiambia kwamba nimekwenda mbali vile ili nifukuzwe kwa adabu.

Nilipofika nyumbani sikukaa. Nilichukua vitunga vya chama nikapeleka mjini Muyinga, kwa mama mmoja Mkongomani wa Kivu ya Kusini anayetuuzia sokoni pamoja na vitenge vyake. Alikuja Burundi akikimbia, akabaki akichuuza. Alinipokea kwa utani wake.

"Eh, umetoka Ulaya, utatusalimia na kidole kimoja sasa?"

Nikamsimulia habari ya kitunga kitupu; ile ya kitunga cha ukutani alikuwa akiijua siku nyingi. Nilitegemea anionee huruma. Akaendelea kukunja vitenge.

"Ule bibi hajue. Nani alimufundisha? Huwezi kasirikia mutu juu ya sheria yenye hajue." Kisha akaniangalia. "Lakini ule jirani yako ku Itaba, ule anajua. Kila asubui anajua kitunga yake iko kwenu. Na anangoja. Mi niliacha jirani kwetu ku Uvira, sijue kama iko muzima. Wa kwako iko nyuma ya minyaa tu, na we unalilia wa Ulaya."

Nilikasirika njia yote ya kurudi, kwanza juu yake, halafu nikaishiwa mtu wa kumkasirikia.

Kesho yake nilikitungua kitunga ukutani. Nilikipangusa vumbi, nikakijaza maharage ya mavuno yetu, ya nusu yetu ya shamba, nikatafuta penye mwanya katika minyaa. Mjane alikuwa uani akipepeta. Macho yake yamefifia siku hizi. Alikipokea kwa mikono miwili, akapitisha vidole ukingoni polepole.

"Hiki ni changu," akasema kwa Kirundi.

"Ni chako, mama."

"Vile viazi vilikuwa vitamu?"

"Vilikuwa vitamu. Mama aliniongezea vyake, akaniambia viazi vya udongo huu havina mfano."

"Hakuniambia," akasema.

"Wala hakunituma nikuambie," nikamjibu.

Kisha mjane akaingia ndani, nikasikia maharage yakimiminika chunguni, akatoka na kitunga kile kile kikiwa na viazi vitamu. "Kesho kutwa utanirudishia," akasema. "Usikitundike."

Nilivuka minyaa na mzigo wangu. Nilifika mlangoni nikaita, "Mama, njoo uone," kwa sauti kabisa, kabla sijakumbuka. Nikaingia, nikavipika viazi vyote, vya kutosha watu wawili.