Tulivyokwenda Kukiangalia Kisanduku cha Bi Helen

Sikuwahi kufikiri kwamba ningeamka alfajiri ya Jumamosi, kwenye baridi ya Machi, kwenda kutazama ndege wasioliwa. Lawama apewe Dada Anjela. Anjela, wa Moshi kama mimi, anamtunza bibi mmoja hapa Wheaton, Marekani, Bi Helen, ambaye miguu imemgomea tangu Krismasi. Alipokuwa mzima, Bi Helen alitengeneza kisanduku cha mbao akakitundika katika hifadhi ya ndege upande wa Upper Marlboro, ili ndege wa bluu watagie humo. Kila mwaka, baridi ikianza kulegea, alikwenda kuona kama wamerudi. Mwaka huu Anjela alimwahidi kwenda kumwangalizia, kwa macho yake mwenyewe. Mimi nina gari, basi nikawa mtazama ndege.

Saa kumi na mbili tulikuwa Beltsville, mlangoni kwa Mama Espérance, rafiki yetu wa kanisani kutoka Bukavu. Tulimwambia alete kitu kidogo cha kutafuna. Tulimkuta anafunga masufuria kwa kitenge: wali, sombe, yaani kisamvu cha kwao, na samaki.

"Munataka tufe na njaa kule porini?" aliuliza.

Tuliondoka saa mbili kasoro, gari zima likinukia samaki.

Pale hifadhini tulipokewa na mlinzi, mzee mpole mwenye buti za mpira. Alituonyesha kisanduku juu ya nguzo, ukingoni mwa uwanja wa nyasi. "Mkikaa kimya robo saa tu, watakuja," alisema.

Kwetu sisi watatu hiyo ni kazi ya kulipwa. Mama Espérance alimsalimia kila aliyepita na darubini, akamuuliza na habari za watoto. Anjela alitunyamazisha kwa sauti kubwa kuliko zetu. Saa tatu nzima zikapita, kisanduku kitupu.

"Nitamwambia nini yule bibi?" Anjela aliniuliza. "Tangu jana ameniuliza mara tatu kama kweli nitakwenda."

Nilimhurumia.

Saa sita tulifungua masufuria. "Tuombe kwanza," alisema Mama Espérance. "Mufunge macho."

Maombi ya Mama Espérance hayaachi mtu nyuma. Alinong'ona taratibu, akawapitia ndugu zake wa Bukavu mmoja mmoja, kisha akafika kwa Bi Helen na miguu yake. Mimi, kwa tabia yangu mbaya ya tangu utotoni, nilifumbua jicho moja kuangalia samaki. Ndipo nikamwona: mgongo wa bluu, kifua rangi ya udongo mwekundu, katua juu ya kisanduku na unyasi mdomoni. Akachungulia, akaingia, akatoka, akaruka zake. Sikuthubutu kumkatiza mama. Amina ilikuwa bado mbali.

"Yaani umemwona ukanyamaza?" Anjela alisema, nusura alie. "Hata kunigusa tu?"

"Na wewe ulikuwa unaangalia nini wakati mi niko naomba?" aliuliza Mama Espérance.

Tulimngoja mpaka saa tisa. Hakurudi.

Njiani nilimshauri Anjela aseme amemwona yeye. Akakataa katakata.

Jioni, Wheaton, alipiga magoti kando ya kiti cha Bi Helen. "Sikumwona, Bibi. Nilikuwa nimefumba macho, tunakuombea. Huyu ndiye aliyemwona."

Bi Helen alinigeukia. "Alikuwa na kitu mdomoni?"

"Unyasi."

"Mkavu?"

"Mkavu."

Alijifunika uso kwa viganja, kisha akavishusha. "Basi wanajenga," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka. Akampapasa Anjela kichwani.

Safari hiyo ilinifundisha kwamba na sisi tunaweza kunyamaza, ilimradi awepo mtu wa kuomba. Na kweli, kabla hatujaaga, Mama Espérance alitaka tuombe tena. Niliapa kufumba macho yote mawili, nikajitahidi mpaka alipofika Bukavu. Nilipofumbua moja, nilikuta la Bi Helen nalo liko wazi, linanitazama.